Siku Tatu Alizosubiri Shangazi

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika, labda hata na wale waliompa. Watu wote walimwita Mizani, kwa sababu miaka ishirini na miwili alifanya kazi ya kupima magunia kwenye ghala la nafaka, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akiongeza wala kupunguza hata punje. Shemeji yake aliwahi kupeleka mahindi pale akitarajia jicho la undugu. Alirudi nyumbani amenuna, akisema yule bwana akiambiwa ampime mama yake mzazi, atamwamuru kwanza avue viatu.

Alipoacha kazi ghalani, Mizani aliingia kwenye ufugaji na tabia ileile. Eneo aliloachiwa na baba yake aliligawa vipande tisa kwa uzio wa waya. Ng'ombe wake kumi na mmoja walikula kipande kimoja kwa siku nne, kisha wakahamishiwa kingine, hivyo hivyo, hadi wanaporudi pale pa kwanza majani yameshapumzika mwezi mzima na ushee. Mwanzoni majirani walimcheka. Ng'ombe gani hawa wanaohamahama kama wapangaji? Lakini mwaka wa tatu, kiangazi kilipoyafanya mashamba yao yawe kama kichwa kilichonyolewa, kwa Mizani majani yalikuwa bado yanagusa magoti, na wale waliocheka wakawa wanakuja mmoja mmoja kuegemea uzio na kuuliza maswali kwa sauti ya chini.

Ndipo akaitafuta lebo. Chama cha wafugaji kilikuwa na alama yake, duara la kijani lenye jani katikati, na hakikumpa kila mtu. Mkaguzi alikuja mara mbili, akahesabu vipande, akaangalia maji ya kunywesha, akamwachia kitabu cha masharti chenye kurasa sitini na nne. Mizani akatia sahihi. Bunda la kwanza la lebo lilipoletwa kutoka ofisini, alibandika moja kwenye chupa kwa mkono wake mwenyewe, akarudi nyuma hatua mbili na kuitazama kama mtu anayetazama picha ya harusi yake. Iliandikwa: MAZIWA YA MALISHONI. NG'OMBE WETU HULA MAJANI. HATUTUMII DAWA.

Kila Jumamosi alipeleka chupa zake dukani mjini, na akishazipanga kwenye jokofu hakuondoka. Alisimama pale akiwafundisha wateja kusoma lebo, mpaka mwenye duka akazoea kumwekea stuli.

"Hii imeandikwa 'asilia'," mama mmoja alimwonyesha pakiti ya kampuni nyingine. "Si ndiyo nzuri?"

"'Asilia' maana yake ni kwamba aliyeiandika anajua kuandika," Mizani akajibu. "Muulize asilia vipi. Nani amekagua? Hapa wamechora ng'ombe kwenye nyasi. Mchoro si ushahidi, mama. Hata mimi naweza kuchorwa nina nywele."

Watu walicheka, maana kichwa chake kilikuwa na kipara cheupe kama sahani. Lakini walinunua, na walirudi.

Nyumbani waliishi watatu. Watoto walikuwa wameshatawanyika na maisha yao, kwa hiyo alikuwapo yeye, mkewe, na mama yake. Macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu kiasi cha kuona mwanga na kivuli tu, ila hakukubali kukaa kama mgeni. Kila alfajiri alishika ukuta wa banda, akahesabu nguzo kwa kiganja hadi ya nne, akaketi kwenye kigoda chake na kumkama ng'ombe mmoja tu. Ng'ombe huyo alikuwa wake.

Aliitwa Shangazi. Ng'ombe aliyemzaa alikufa siku ileile, na mama yake Mizani, wakati huo macho yake yakiwa mazima, alimchukua yule ndama mchanga akamlaza jikoni kwenye gunia, akamnywesha kwa chupa mwezi na nusu. Alipojifunza kutembea tu, alianza kuamrisha. Alisukuma milango kwa paji, alifukuza kuku, na malishoni hakuna ng'ombe aliyepita langoni kabla yake. Mkewe Mizani ndiye aliyempa jina. Alisema, "Huyu ni shangazi kabisa. Bado tu kutuuliza kwa nini nyumba haijafagiwa."

Jumanne moja asubuhi, mama aliita kutoka bandani.

"Mwanangu, njoo. Shangazi ana moto."

Mizani alikuta mama ameweka viganja vyote viwili kwenye kiwele, upande wa nyuma wa kulia. Naye akagusa. Palikuwa pagumu kama embe bichi, na joto. Akakamulia matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi cha kupimia. Yakatoka majimaji ya manjano yenye mabonge madogo madogo.

"Ugonjwa wa kiwele," akasema.

"Najua ni nini," mama akasema. "Nimekuita ufanye kitu, sikukuita unitajie jina."

Wakaanza kwa yale waliyoyajua. Mkewe alichemsha maji, wakaukanda upande ule kwa kitambaa cha moto, wakaukamua kila baada ya saa mbili na kuyamwaga maziwa shimoni. Shangazi alivumilia, akigeuza kichwa kila mara kuwatazama. Kufika jioni hakuwa amekula hata nusu ya majani yake.

"Mwite daktari," mkewe alisema walipokuwa wakinawa mikono.

"Daktari atamchoma antibiotiki."

"Si ndiyo kazi yake?"

"Na lebo je? Imeandikwa hatutumii dawa. Mimi nasimama pale dukani nawaambia watu wasidanganywe, halafu nije nidanganye mimi?"

"Baba watoto," mkewe akasema taratibu, "lebo haikamwi."

Mizani alijifuta mikono kwenye suruali. Alirudi bandani kumkanda tena.

Jumatano Shangazi hakula kabisa. Mkewe hakusubiri ruhusa. Alipiga simu, na kabla ya saa nne daktari wa mifugo akaingia uani na pikipiki yake, sanduku limefungwa nyuma kwa mpira. Alikuwa mtu wa rika la Mizani, walisoma darasa moja, na kwa kawaida wakikutana ilikuwa utani mtupu. Siku hiyo alimpima Shangazi joto, akasikiliza tumbo, akashika masikio, na hakutania.

"Masikio yameanza kupoa," alisema. "Sumu inaingia mwilini. Nikianza sasa hivi nina matumaini. Kesho sitakuahidi kitu."

"Siwezi kumpa antibiotiki," Mizani alisema. "Masharti hayaruhusu."

"Masharti ya wapi hayo yanayokataza mgonjwa kutibiwa? Umeyasoma?"

"Nimeyasoma."

"Yote?"

Mizani akaingia ndani kukileta kitabu. Ukweli ni kwamba alikuwa amezisoma kwa makini kurasa za malisho, za uzio na za maji, akazipigia mistari kwa penseli, kisha zile za mwisho akazipekua tu, maana herufi zilikuwa ndogo na sentensi ndefu kama hotuba ya harusini. Akiwa amesimama kando ya meza, alifungua huku na kule hadi akakutana na jedwali la dawa zilizopigwa marufuku. Mstari wa kwanza kabisa uliandikwa: antibiotiki. Hakuhitaji kuona zaidi. Hakurudisha ukurasa mmoja nyuma, ambako kichwa cha jedwali lile kilikuwa kimeandikwa. Akatoka nacho, kidole kikiwa palepale, akamwonyesha daktari.

Daktari aliuangalia ule mstari, akashusha pumzi.

"Mimi chama chenu sikijui," alisema. "Namjua ng'ombe. Lakini siwezi kumchoma bila ridhaa ya mwenyewe. Mwenye ng'ombe ni wewe."

"Mwenye ng'ombe ni mimi," mama akasema.

Alikuwa bado ameketi kwenye kigoda, mkono mmoja ubavuni mwa Shangazi. Wote wakamgeukia. Mizani akachuchumaa mbele yake, kama alivyofanya alipokuwa mdogo na ana jambo la kuomba.

"Mama, nisikilize. Tukimchoma huyu, wanatuondolea lebo. Ikiondoka, maziwa ya wote kumi na mmoja yanakuwa maziwa tu. Miaka sita ya kazi inakwenda na maji. Na nimewapa watu neno langu. Tumkande leo na kesho, amewahi kuugua akapona. Tafadhali mama."

Mama alipitisha kiganja ubavuni mwa Shangazi. Nzi walizunguka. Shangazi alitoa mlio mfupi wa ndani, kama mtu anayejigeuza kitandani.

"Haya," mama akasema hatimaye. "Wewe ndiye unayejua kusoma."

Daktari alifunga sanduku lake. Alipopita karibu na mkewe Mizani alimnong'oneza kwamba simu yake haitazimwa.

Alhamisi asubuhi Shangazi alikuwa amelala, shingo imegeukia ubavuni, na hakuinuka walipomwita. Upande ule wa kiwele uliokuwa ukiwaka moto ulikuwa umepoa. Ngozi yake ilikuwa imebadilika rangi, kama wingu la mvua. Mizani aliushika, na baridi ile ikampanda mkononi hadi kifuani. Alitoka mbio hadi nje, akapiga simu mwenyewe, akikosea namba mara mbili kabla haijaita.

"Njoo," alisema. "Njoo umchome. Lebo ichukuliwe. Njoo."

Daktari alifika akamchoma sindano mbili, akamtundikia maji kwenye mshipa wa shingo, Mizani akiishika chupa juu kwa mkono ulionyooshwa mpaka bega likafa ganzi. Akaihamishia mkono wa pili. Mkewe alifunika mgongo wa Shangazi kwa blanketi la kitandani mwao. Mama alikaa chini, kwenye majani, akishika sikio la ng'ombe wake kwa vidole viwili na kulisugua polepole, akizungumza naye maneno ambayo wengine hawakuyasikia vizuri. Kabla ya adhuhuri pumzi za Shangazi zilianza kuachana. Ikaja moja, ikakawia nyingine. Kisha mama akasema, "Basi," nao wakajua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na mkono pale.

Walimzika siku ileile, maana nyama ya mnyama aliyekufa hivyo hailiwi. Ijumaa ng'ombe kumi waliobaki walipaswa kuhamia kipande kingine. Mizani alifungua lango, nao wakasimama mbele yake wamejipanga, hakuna aliyeingia. Walingoja. Alipiga miluzi, akapiga makofi, akawasukuma, na mwishowe ilibidi amshike mmoja kwa kamba na kumvuta. Alipofunga lango nyuma yao alikaa chini akiegemea nguzo, akalia, mtu mzima mwenye kipara, mpaka mkewe akaja akakaa kando yake.

Mchana wa siku hiyo alichukua chupa zote tupu zilizokuwa zimeshabandikwa lebo kwa ajili ya Jumamosi, akazilaza kwenye beseni la maji moto, akawa anazibandua lebo kwa ukucha.

"Hakuna aliyekuambia ubandue," mkewe alisema.

"Nimetumia dawa. Nikiziacha hapa nitakuwa mwongo."

Jumatatu alivaa shati lake la ofisini lililobaki kutoka enzi za ghala, akaenda kwenye ofisi ya chama. Ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, chenye feni iliyokuwa ikilia na makabati yaliyojaa mafaili. Mkaguzi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, alimkaribisha kiti. Mizani hakukaa. Aliweka mezani bunda la lebo lililosalia na kitabu cha masharti.

"Nimekuja kurudisha," alisema. "Alhamisi nilimchoma ng'ombe antibiotiki. Alikufa hata hivyo. Nimeona nije mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu."

Mkaguzi alimtazama. "Pole sana, mzee. Alikuwa anaumwa nini?"

Akamweleza. Dada yule alikuwa akiandika, lakini katikati ya maelezo kalamu ikasimama.

"Alianza kuugua lini?"

"Jumanne."

"Na alichomwa Alhamisi? Kwa nini ulisubiri siku zote hizo?"

"Kwa sababu ya masharti," Mizani alisema. "Antibiotiki imekatazwa. Iko humu, mstari wa kwanza."

Mkaguzi akakivuta kitabu, akafungua kwenye jedwali lile, akarudisha ukurasa mmoja nyuma. Akakigeuza kumwelekea Mizani, akaweka kidole juu ya maandishi, kisha akamsomea kwa sauti, polepole, kama anayeogopa maneno yenyewe: "'Jedwali la tano. Dawa zisizoruhusiwa kuchanganywa kwenye chakula cha mifugo isiyo na ugonjwa.'" Akafunua kurasa mbili mbele. "Na hapa. 'Mnyama anayeugua ni lazima atibiwe kwa dawa yoyote atakayoagiza daktari. Maziwa yake hayatauzwa kwa siku mara mbili ya zile zilizoandikwa kwenye dawa. Ni marufuku kumnyima mnyama matibabu kwa lengo la kulinda lebo.'"

Feni ililia. Mizani aliinama, akayasoma mwenyewe. Akayasoma tena. Kisha akakaa kwenye kile kiti alichokikataa.

"Lakini lebo yenyewe inasema hatutumii dawa," alisema kwa sauti ndogo. "Mmeiandika nyinyi."

"Ndiyo." Mkaguzi aliona haya. "Sentensi kamili ilikuwa ndefu. 'Hatutumii dawa kwa ng'ombe wasio wagonjwa.' Mpiga chapa alisema haitoshei, tukaifupisha. Tulidhani watu watasoma kitabu."

"Kwa hiyo sikuhitaji kuchagua."

"Hapana, mzee wangu. Hukuhitaji."

Alimwambia pia, kwa kuwa ilikuwa kazi yake, kwamba hataondolewa lebo kwa ile sindano. Atapewa onyo la maandishi kwa zile siku za kuchelewesha matibabu. Mizani aliitia sahihi ile karatasi ya onyo bila kubisha. Mkaguzi akamrudishia bunda la lebo. Alilishika kama mtu aliyepewa kitu cha mtu mwingine ashike kwa muda, akalirudisha mezani.

"Nitaendelea na masharti yenu yote," alisema. "Nitamwaga maziwa yanapotakiwa kumwagwa. Lakini maneno haya sitayabandika. Andikeni yote, hata kama lebo itazunguka chupa nzima."

Njia nzima ya kurudi alikuwa akitafuta namna ya kumweleza mama. Mkewe alimwambia asimweleze. Ng'ombe amekwishakufa, kuna faida gani kumtonesha mtu kidonda? Mizani alitikisa kichwa. Katika maisha yake hakuwahi kumpimia mtu pungufu, na hakuweza kuanza na mama yake.

Mama alikuwa amekaa kibarazani, uso ameuelekeza kwenye jua. Mizani akakaa sakafuni, akamwambia yote: ukurasa ule, na ukurasa wa nyuma yake, na kwamba daktari angeweza kumchoma Jumatano, au hata Jumanne, na hakuna chochote ambacho kingepotea ila maziwa ya siku chache.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake ilikuwa mapajani, vidole vikitembea kidogo kidogo.

"Kwa hiyo angepona," alisema.

"Huenda. Daktari alisema ana matumaini."

"Na mimi nilijua," mama akasema. "Nilikuwa nimemshika. Ungeniuliza mimi, ningekuambia hana siku mbili za kusubiri. Lakini nilinyamaza, nikasema mwanangu amesoma." Akapapasa hewani, akakipata kichwa cha mwanawe, akakiwekea kiganja. "Tumemuua sisi wawili, baba. Usiubebe mzigo huu peke yako."

Hilo lilimuumiza kuliko kama angemtukana.

Baada ya hapo mama hakukalia tena kigoda chake bandani. Mkewe alijaribu kumshawishi amkame ng'ombe mwingine, mpole, mtoto wa kwanza wa Shangazi. Mama aligusa kiwele chake mara moja, akaondoa mkono. Asubuhi aliamka wakati uleule, akaketi kitandani amevaa, akingoja kupambazuke, kisha akiambiwa kumepambazuka anaendelea kuketi. Mwezi wa pili akasema anataka kwenda kukaa kwa binti yake, mdogo wake Mizani, mji wa mbali kidogo, kwenye nyumba ya ghorofa ambako hakuna hata kuku.

"Mama, umekasirika?" Mizani aliuliza.

"Sina hasira, mwanangu. Ila hapa asubuhi nikiamka sina pa kupeleka mikono."

Alimsindikiza mwenyewe hadi kituoni, akampandisha basi, akamfunga mkanda, akamweka mfuko wake miguuni ambapo angeugusa. Alitaka kusema jambo, lakini kondakta alikuwa akiwahimiza wasindikizaji washuke, naye akashuka.

Lebo mpya ilitoka baada ya miezi minne, ndefu, ya herufi ndogo. Ilisema ng'ombe akiugua hutibiwa, na maziwa yake humwagwa mpaka dawa iishe mwilini. Mwenye duka hakuipenda. Alisema neno "dawa" linatisha wateja hata likiandikwa vipi. Kweli wengine walirudisha chupa kwenye jokofu, wakachukua ile pakiti yenye mchoro wa ng'ombe kwenye nyasi. Mizani hakukaa tena kwenye stuli kubishana nao. Alipanga chupa zake, akasalimia, akaondoka.

Kila Jumapili jioni humpigia mama simu. Mama humuuliza kuhusu mvua, kuhusu mgongo wa mkamwanawe, kama wamekula. Habari za ng'ombe haulizi, na Mizani hazitaji. Yakiisha ya kusema hawakati simu haraka. Hukaa kimya wote wawili, kila mmoja akisikiliza pumzi ya mwenzake, mpaka mama aseme, "Haya baba, lala salama," ingawa jua bado halijazama.